Boti zinapita majaribio lakini doria zinavunjika: kutafuta kosa ndani ya lengo la kutegemeka

Mwongozo huu umeandikwa kwa maofisa mipango, wahandisi na mafundi wakuu wanaoandika lengo la kutegemeka la boti za doria, au walioikuta kazi hiyo imeshafanywa na waliowatangulia. Lengo lenyewe mara nyingi ni sentensi moja tu katika hati ya mahitaji: chombo kifanye kazi muda gani bila kukwama. Lakini sentensi hiyo ndiyo inayoamua mashine zipi zitanunuliwa, spea ngapi zitawekwa stoo na mafundi wangapi wataajiriwa. Ikikosewa, hakuna spana itakayoirekebisha, na wanaolipa gharama ni mabaharia walioko katikati ya ziwa usiku.

Hesabu zote hapa chini zinatumia kikosi cha kubuni chenye makao Mwanza. Kina boti 5, kila moja na mashine mbili za nje. Doria inaanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 alfajiri, katika maji ya Ziwa Victoria yaliyo kati ya Mwanza, Ukerewe na Ukara. Kamanda anataka boti 3 ziwe majini usiku kucha. Namba hizi ni za kuonyesha njia, kwa hiyo weka zako mahali pake.

Dalili: lengo lipo, lakini hakuna anayejua lilitoka wapi

Hati inasema "boti iwe na kutegemeka kwa asilimia 95", basi. Ukiuliza kwa nini 95 na si 90, kila mtu anamtazama mwenzake. Kwa kawaida namba ya namna hii imenakiliwa kutoka zabuni ya zamani, imechukuliwa kwenye kijitabu cha muuzaji, au imechaguliwa kwa sababu inasikika vizuri kikaoni.

Asilimia bila saa haina maana yoyote. Kwa hitilafu zinazotokea bila mpangilio, hesabu ni K = e^(−t/W): e ni namba isiyobadilika, takriban 2.718, K ni uwezekano wa kumaliza kazi bila hitilafu, t ni saa za kazi, na W ni wastani wa saa kati ya hitilafu moja na nyingine. Asilimia 95 kwa safari ya saa 1 inadai W ya saa 19.5 tu. Asilimia ileile kwa doria ya saa 12 inadai saa 234, na kwa operesheni ya saa 72 inadai saa 1,404. Mzabuni anayesoma sentensi isiyo na saa atachagua tafsiri iliyo rahisi kwake, na mkataba utamlinda.

Lengo lililokamilika hutaja mambo matano: kazi gani, kwa saa ngapi, katika hali gani, kipi kinahesabiwa kuwa hitilafu, na litathibitishwa kwa kiwango gani cha uhakika. Hili si jambo geni. Kundi la washauri kuhusu vifaa vya elektroniki, lililoundwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1952, lilitoa ripoti mwaka 1957 likisisitiza kwamba kutegemeka kuandikwe kwa namba inayoweza kupimwa, pamoja na jaribio la kuipima. Vifaa vya wakati ule vilikuwa vikiharibika mara kwa mara, na maneno ya jumla kama "kiwe imara" yalikuwa hayajasaidia kitu.

Kama hati yako imekosa hata moja kati ya hayo matano, usiendelee na dalili zinazofuata. Rudi kwa kamanda uanze na swali la operesheni: usiku ukienda vizuri, kunakuwa kumefanyika nini?

Dalili: kila boti inafikia lengo lake, kundi linashindwa

Hapa ndipo uchambuzi wa operesheni, yaani kuipima kazi nzima kwa hesabu, unapolipa, na ndipo makosa ya gharama kubwa yanapofanyika.

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Aprili 1980, Marekani ilipojaribu kuwakomboa mateka wake nchini Iran. Helikopta 8 aina ya RH-53D ziliruka kutoka manowari ya USS Nimitz. Mpango ulihitaji zisipungue 6 kwenye kituo cha jangwani. Moja ilitua njiani baada ya taa ya tahadhari ya ufa kwenye bapa la rota kuwaka. Nyingine ilirudi baada ya kukumbana na vumbi zito na kupoteza vifaa vya kuongozea. Ya tatu ilifika ikiwa na hitilafu ya haidroliki. Zikabaki 5, operesheni ikasitishwa, na wakati wa kuondoka helikopta iligongana na ndege ya C-130, wakafa watu 8.

Fanya hesabu ya kupata angalau 6 kati ya 8. Kama kila helikopta ina uwezekano wa 0.75 wa kufika ikiwa nzima, kundi linafanikiwa kwa 0.68 tu. Ikiwa ni 0.90, kundi linafika 0.96. Tofauti ya chombo kimoja kimoja inaonekana ndogo mezani, lakini kwa kundi ni tofauti kati ya mpango na bahati nasibu. Angalia pia kwamba taa ya tahadhari ikiwaka, operesheni imeshapoteza chombo, ufa uwepo usiwepo. Hitilafu za tahadhari zihesabiwe.

Sasa turudi ziwani. Kamanda anataka boti 3 zimalize doria, kwa uwezekano wa 0.90. Ukituma 3 na zote lazima zimalize, kila boti inahitaji K ya 0.965, yaani W ya saa 342. Ukituma 4 ili 3 zimalize, K inayohitajika inashuka hadi 0.86 na W hadi saa 80. Boti moja ya ziada majini imepunguza lengo zaidi ya mara nne. Kazi yako ni kumpelekea kamanda chaguo hizi mbili pamoja na bei zake, siyo kumchagulia. Kupata mashine za saa 342 ni gharama ya kununua. Kutuma boti ya nne ni gharama ya mafuta na mabaharia kila usiku.

Usiishie hapo, maana 0.90 hiyo ni ya boti zilizokwisha kuondoka gatini. Kuna sehemu ya pili: boti 4 kati ya 5 ziwe tayari jioni. Sehemu hizi mbili huzidishwa. Ukitaka 0.90 kwa jumla, gawa: 0.95 kwa utayari wa jioni na 0.95 kwa kumaliza doria. (Hesabu hii ina tahadhari ndani yake, kwa sababu hata zikiwa tayari 3 tu bado unaweza kuzituma zote.) Kwa sehemu ya doria, K ya 0.90 inatoa 0.948, inayotosha kwa sababu 0.95 mara 0.948 bado ni 0.90, na W inakuwa saa 114 za doria. Hiyo ndiyo namba ya kuandikwa, na sasa ina historia: mtu akiuliza ilikotoka, unamwonyesha hatua zote.

Dalili: wastani wa saa ni mzuri, boti zimekwama karakana

Kitabu kinaonyesha boti inakwenda saa 114 bila hitilafu, lakini jioni zinapatikana mbili. Hapa tatizo haliko kwenye mashine. Liko kwenye muda wa kusimama.

Boti nzima ikitoka takriban usiku 4 kati ya 5, inatumika wastani wa saa 9.6 kwa siku, hivyo saa 114 zinaisha ndani ya siku 11.9. Ili 4 kati ya 5 ziwe tayari kwa uwezekano wa 0.95, kila boti iwe tayari kwa asilimia 92.4 ya muda. Weka kwenye hesabu: muda wa kusimama kwa kila hitilafu usizidi siku moja hivi. Siku moja, kuanzia boti inapofungwa gatini hadi inapokabidhiwa tena kwa nahodha. Ukiruhusu siku 5, utayari wa boti moja unashuka hadi 0.70, na uwezekano wa kupata 4 jioni unakuwa 0.54. Hakuna mashine utakayonunua itakayofidia hilo.

Kwa hiyo lengo la W peke yake ni nusu ya lengo. Andika na la pili: muda wa kusimama.

Gawanya muda huo kwenye daftari katika vipande vitano: kugundua, kusubiri fundi, kusubiri spea, kutengeneza, kujaribu. Mara nyingi utakuta kutengeneza ni saa tatu na kusubiri spea ni siku nyingi, kwa sababu kifaa kinatoka Dar es Salaam au nje ya nchi. Kumwambia fundi aongeze kasi hapo ni kumwonea.

Idadi ya spea nayo inatokana na hesabu, siyo kwa kukisia. Chukua kifurushi cha impela ya pampu ya maji, tuseme kinahitajika mara moja kwa kila saa 1,000 za mashine. Boti 4 kila usiku, mashine mbili kwa boti, mashine zikiwa zinazunguka saa 9 kati ya 12, ni saa 72 za mashine kwa usiku na 2,160 kwa siku 30. Mahitaji ni 2.16 kwa mwezi. Kama mzigo mpya unachukua mwezi kufika, kuwa na vifurushi 4 kunakupa 0.93 ya kutopungukiwa. 5 vinakupa 0.98. Kama mzigo unafika ndani ya wiki, vifurushi 2 vinatosha kwa 0.99. Ukinunua wastani tu, yaani 2 kwa mzigo wa mwezi, utapungukiwa mara kwa mara, maana wastani hauangalii mwezi mbaya.

Tazama pia saa unazotumia. Kuna saa za doria na kuna saa za mashine, na hati nyingi huzichanganya. W ya saa 114 hapo juu ni ya saa za doria. Ukiipeleka kwa muuzaji wa mashine bila kusema hivyo, ataisoma kama saa za mashine na mtapishana hadi mahakamani.

Dalili: boti ilipita majaribio kwa muuzaji, ziwani inakata roho

Mara nyingi jaribio lilifanyika katika hali ambayo si ya ziwa hili. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mashine ya petroli isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake katika mwinuko huu. Propela iliyochaguliwa kwa pwani inakuwa nzito: mashine haifikii mizunguko yake ya juu, inafanya kazi ikiwa imelemewa, inapata joto na kujaza kaboni. Pima mizunguko ukiwa na mzigo kamili wa doria, yaani watu, mafuta na silaha zote ndani. Ikiwa chini ya kiwango cha mtengenezaji, punguza mwinamo wa propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja inayopunguzwa huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika.

Maji baridi yana mambo yake. Vipande vya zinki vinavyolinda chuma dhidi ya kutu kwenye maji ya chumvi hujifunika utando na kuacha kufanya kazi kwenye maji yasiyo na chumvi. Hapa tumia vya magnesiamu au alumini. Magugu maji huziba matundu ya kuvutia maji ya kupoza, na impela ikizunguka bila maji hukatika ndani ya muda mfupi. Nyavu za makila zilizotegwa usiku hujifunga kwenye propela. Kwenye giza la mwezi, wavuvi wa dagaa hutapakaa na taa zao, na boti ya doria hulazimika kwenda polepole katikati yao kwa saa nyingi.

Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Jaribio la kiwanda huwa ni mwendo wa kasi usiokatizwa. Doria halisi inaweza kuwa saa 2 za kasi, saa 7 za mwendo wa polepole, na saa 3 mashine zimezimwa huku redio, rada na taa vikila betri. Ongeza kuwasha na kuzima mara 15 kwa usiku. Plagi zinachafuka kwa mwendo wa polepole, betri inashuka, na stata inachoka kwa idadi ya kuwasha, siyo kwa saa. Andika mgawanyo huo wa doria ndani ya lengo, ukitoka kwenye daftari za safari na siyo kwenye kumbukumbu za mtu, na mdai mzabuni ajaribu boti kwa mgawanyo huohuo.

Mzabuni akidai kwamba wavu kwenye propela si hitilafu ya boti, ana hoja kwa upande wake, na kamanda pia ana yake. Suluhisho ni kuweka hesabu mbili. Ya kwanza ni ya operesheni: kila kilichovunja doria, wavu ukiwemo. Ya pili ni ya mkataba: yale tu yaliyo chini ya uwezo wa mtengenezaji. Ya kwanza ndiyo lengo la kamanda, ya pili hutolewa ndani yake, na pengo lililo kati yao linaonyesha unahitaji kikata nyavu au mafunzo ya nahodha kiasi gani. Kulazimisha namba moja ibebe hesabu zote mbili kutazua ubishi kila mwezi.

Dalili: mashine mbili zinazimika kwa pamoja

Mhandisi aliyeandika lengo alisema: mashine moja ina W ya saa 300, hivyo uwezekano wa kufa ndani ya saa 12 ni 0.039, na uwezekano wa zote mbili ni 0.039 mara 0.039, yaani 0.0015. Hesabu ni sahihi kwa mashine ambazo hazina kitu cha pamoja. Za kwako zina tangi moja, filta moja, betri moja na fundi mmoja. Hata kama hitilafu 1 tu kati ya 10 inatokana na kitu cha pamoja, uwezekano huo peke yake ni 0.0039, mara mbili na nusu ya ule wa awali. Maji ndani ya petroli yakiingia kwenye laini ya pamoja hayachagui mashine.

Kutenganisha ndiyo dawa: tangi mbili au angalau laini mbili, kila mashine na filta yake ya kutenganisha maji ya maikroni 10, kila mashine na betri yake. Filta imwagwe maji kila jioni kabla ya kuondoka, na mafuta yapokelewe kwa kuchukua sampuli kwenye chupa ya kioo.

Na kumbuka kwamba mashine ya pili haipunguzi kazi ya karakana. Inaiongeza. Kurudi nyumbani kumekuwa na uhakika zaidi, lakini uwezekano wa angalau mashine moja kuharibika usiku huo sasa ni 0.077. Je, boti yenye mashine moja bado inafanya doria, au inajikokota tu kurudi gatini? Kamanda ajibu hilo kwa maandishi, kwa sababu jibu lake linabadilisha namba zote.

Dalili: hitilafu zinaongezeka baada ya sevisi

Wachambuzi wa operesheni katika Kamandi ya Pwani ya Jeshi la Anga la Uingereza, akiwemo C. H. Waddington, waliliona hili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Walipopanga hitilafu za ndege kwa kufuata saa zilizopita tangu ukaguzi wa kila saa 50, walikuta hitilafu nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikipungua. Ukaguzi ulikuwa unavuruga vitu vilivyokuwa vimetulia. Mwaka 1978 Nowlan na Heap, wa shirika la ndege la United Airlines, wakichambua vifaa vya ndege za abiria, walikuta kwamba takriban asilimia 11 tu ya vifaa vilionyesha kuchakaa kadiri umri ulivyoongezeka. Vingine vyote havikunufaika na kubadilishwa kwa tarehe.

Fanya walichofanya wao. Chukua kila hitilafu, andika saa za mashine tangu sevisi ya mwisho, ziweke kwenye mafungu ya saa 10. Kama fungu la 0 hadi 10 ndilo refu kuliko yote, chanzo ni karakana: klipu ya bomba haikukazwa, oringi ya filta imekaa vibaya, hewa imebaki kwenye laini ya mafuta, impela imewekwa kinyume. Kama mafungu yanapanda taratibu kuelekea mwisho, kitu kinachakaa na muda wa sevisi ufupishwe. Kama yamelingana, kubadilisha kwa tarehe hakusaidii. Fuatilia hali ya kifaa badala yake.

Kwa hali ya kwanza, weka kanuni mbili. Boti ikitoka sevisi iendeshwe saa 2 ziwani ikiwa na mzigo kabla ya kupangiwa doria. Na mashine mbili za boti moja zisifanyiwe kazi ileile siku moja na fundi mmoja, kwa sababu kosa lililofanyika kushoto litarudiwa kulia.

Dalili: boti ilifaulu jaribio la kupokelewa, miezi mitatu baadaye wastani ni nusu

Jaribio lilikuwa fupi. Kuthibitisha W ya saa 114 kwa uhakika wa asilimia 80 kunahitaji saa 184 bila hitilafu hata moja, au saa 341 zikiwa na hitilafu 1, au saa 488 zikiwa na 2. Boti 4 zikitoka kwa saa 12, unakusanya saa 48 za doria kila usiku, kwa hiyo jaribio la saa 488 ni kama usiku 10 au 11. Linawezekana kabisa, na halina kisingizio.

Usiwe mwepesi wa kuchagua lile fupi la bila hitilafu. Boti nzuri yenye W halisi ya saa 228, yaani mara mbili ya lengo, italifaulu kwa uwezekano wa 0.45 tu, zaidi ya nusu ya wazabuni wazuri wataonekana wabovu. Jaribio la saa 488 linalokubali hitilafu 2 litampitisha huyo kwa 0.64, na mwenye W ya saa 342 kwa 0.83. Ndiyo maana hati inahitaji namba mbili: saa 114 kama kiwango cha chini ambacho boti ikiwa chini yake haikubaliki, na saa kama 340 kama lengo la kubuni. Mzabuni anayebuni boti kwa saa 114 kamili anajiandalia kushindwa, na ni haki aambiwe mapema.

Dalili: boti ya uokoaji haiwaki siku inapohitajika

Boti inayokaa tayari haipimwi kwa saa za kutembea. Inapimwa kwa kuwaka inapoitwa na kwa muda wa kufika. Wananchi wa mwambao huu wanaelewa uzito wake. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na katika ajali ya namna hiyo kinachohesabiwa ni dakika.

Hitilafu za boti iliyokaa hujificha: betri imekufa, petroli imechacha, panya wamekula waya. Hazionekani hadi siku ya jaribio au siku ya ajali. Kama hitilafu ya kujificha hutokea kwa wastani mara moja kila siku 200, na boti inajaribiwa kila siku 30, kwa wastani iko mbovu kimyakimya asilimia 7.5 ya muda. Ukiijaribu kila siku 7, inashuka hadi asilimia 1.75. Hakuna uboreshaji wa bei rahisi kuliko huo. Jaribio liwe la kweli: washa mashine zote mbili, ondoka gatini, ita kwa redio, washa taa ya kutafutia kwa dakika 10, rudi.

Daftari, na lini uhesabu upya

Kila tukio liandikwe mstari mmoja: saa ya mashine, doria ilikuwa katika hatua gani, nini kilitokea, je doria ilivunjika, mashine ipi, saa ngapi tangu sevisi, na vile vipande vitano vya kusimama. Nahodha aandike kabla hajashuka, fundi amalizie. Mstari usioandikwa huhesabiwa kama usiku uliokwenda salama, na hapo W yako inapanda kwa uongo.

Hesabu irudiwe kila kazi inapobadilika, hata kama boti ni zilezile. Mfano: kamanda akirefusha doria kutoka saa 12 hadi 18 ili boti zifike kisiwa cha Goziba, W ya saa 114 haitoi tena 0.948 ya kupata 3 kati ya 4. Inatoa 0.896, na ukizidisha na utayari wa jioni wa 0.95 unabaki na 0.85. Ili kurudi pale mlipokuwa, W inatakiwa ifike saa 171, au doria ikatwe katikati kwa kubadilishana boti kisiwani. Peleka chaguo zote mbili mezani kabla agizo halijatiwa saini.